Mama Marcelline na Viwavi Visivyo Vyake

Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na mdogo wa marehemu, Thérèse Kalenga, Ijumaa tarehe 14 Juni 2019, katika makaburi ya Westpark, Johannesburg. Wengi mlioko hapa mlimwita marehemu Mama Viwavi, hata kanisani, hata mbele ya watoto wake, naye aliitika. Nitasema jina hilo lilitoka wapi na mwenyewe ni nani. Nimeomba sehemu hiyo ichapishwe kwenye programu pamoja na nyingine, kwa sababu najijua. Ingekuwa kwenye karatasi yangu peke yangu, ningeiruka.

Marehemu Marcelline Mwange Kalenga alizaliwa Likasi, Katanga, tarehe 3 Mei 1966, mtoto wa pili kati ya saba wa marehemu Baba Kalenga, fundi umeme wa mgodini, na marehemu Mama Adèle. Mimi ni kitinda mimba. Nilizaliwa yeye akiwa na miaka kumi na minne, na mama alipokwenda shambani nilibaki mgongoni mwake. Sisi watu wa Katanga dada mkubwa tunamwita yaya, nami sikuwahi kumwita kwa jina lake hata siku moja. Nyumbani kwetu msimu wa viwavi ulikuwa sikukuu: vilikaangwa, vikaanikwa, vikatiwa kwenye magunia vitufikishe mwaka mwingine. Yaya hakuvila. Akivionja tu alitapika, na sisi tukipigania bakuli yeye alimalizia bukari yake, yaani ugali, kwa majani. Baba alizoea kumtania, “Uyu hapana mutoto wa Katanga, tulimuokotaka ku gare ya treni.”

Alisoma shule ya msingi ya masista pale Likasi, kisha akaenda kukaa kwa shangazi Lubumbashi, ambako alipata diploma ya ushonaji mwaka 1985. Mwalimu wake alimpa kazi ya kukagua mishono ya wenzake kabla yeye mwenyewe hajaitazama, na kwa sababu hiyo marafiki darasani hakuwa nao wengi. Shangazi alituandikia kwamba binti huyu ana macho ya kuku, punje ya mchele chini ya kitanda haimpiti. Barua hiyo mama aliitunza miaka mingi.

Tarehe 19 Desemba 1987 alifunga ndoa na Damien Ilunga, Lubumbashi, na Mungu akawajalia watoto wawili, Placide na Carmel. Shemeji Damien alitangulia Johannesburg mwaka 2004, akapata kazi ya ulinzi Midrand, na Yaya na watoto wakamfuata Machi 2006. Walipanga chumba kimoja hapo Berea, wakakigawa kwa pazia. Kwenye jiko la pamoja majirani walimcheka, maana hata sombe, majani ya muhogo yaliyokwisha kutwangwa, aliitandaza kwenye sinia karibu na dirisha akaikagua. Shemeji alisema kwa sauti ili ghorofa nzima isikie, “Miye nikikuta kadudu mu mboga nashukuru Mungu, ni nyama ya bure.” Yaya alimpiga kwa mwiko, taratibu.

Mwaka 2008 aliajiriwa Glenhazel, katika jiko linalopika chakula cha sherehe za Wayahudi. Kwa wasiojua, Myahudi anayeshika sheria zao za chakula, yaani kosher, hali mdudu hata kama ni mdogo kama nukta ya kalamu, na mboga za majani ndiyo nyumba ya wadudu. Kazi ya Yaya ilikuwa kutenganisha saladi jani moja moja, kuiloweka kwenye maji yenye tone la sabuni, kuisuuza, kisha kuyachuja maji yale kwa kitambaa cheupe na kukitandaza kitambaa juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake. Hapo ndipo alipoinama akatazama. Msimamizi wa sheria jikoni alikuwa Madame Rochelle, mjane wa Sydenham, ambaye kila asubuhi aliwasha majiko kwa mkono wake kwa kuwa sisi tusio Wayahudi hatukuruhusiwa. Yaya akisema, “Yupo,” saladi ilirudi majini mara moja. Akisema, “Hakuna,” Madame Rochelle alikuja kutazama mwenyewe, maana kwa sheria yao neno la asiye Myahudi halikutosha. Alikuja hivyo miaka tisa, na hakuona hata mdudu mmoja aliyempita Yaya. Yaya hakuchukia kukaguliwa. Alisema mtu anayekagua watu wote lazima na yeye apatikane wa kumkagua.

Sasa nafika pale ambapo ningependa mtu mwingine asome.

Nilifika Johannesburg Aprili 2017, karatasi zangu hazijakaa sawa, na mwezi uliofuata Yaya akaniombea kazi jikoni kwa dhamana ya jina lake. Siku ya kwanza alinisimamisha mlangoni, penye makabati ya wafanyakazi. “Hapa hata bonbon ya mu mufuko unaachaka inje. Umesikia, Thérèse?” Hata pipi ya mfukoni ibaki nje. Nilisikia vizuri sana.

Alhamisi tarehe 10 Agosti jiko lilizidiwa. Wayahudi walikuwa wametoka katika majuma yao matatu ya maombolezo, ambayo ndani yake hawaoi, na ilikuwa kana kwamba kila mtu anataka kuoa Jumapili ile. Juma hilo msafiri alikuwa ameniletea furushi la viwavi kutoka Lubumbashi. Nilivikaanga kwa chumvi na pilipili, nikatia vichache kwenye mfuko wa aproni, nikawa natafuna kimoja kimoja kama karanga huku nachambua saladi. Nilikuwa nasikia baridi na hamu ya kwetu. Hayo nayasema muelewe, si kwa kujitetea. Kimoja kilianguka kwenye beseni lililokwisha kukaguliwa, na trei tatu zilikuwa zimeshatoka kwenye beseni hilo.

Madame Rochelle ndiye aliyekiona, akakiokota kwa kibanio. Katika jiko ambamo watu huinama juu ya taa kutafuta kidudu chembamba kuliko kope, kulikuwa na kiwavi cha kukaanga, kirefu kama kidole changu, na pilipili juu yake. Nakiri kwamba kwa nukta moja nilitaka kucheka. Akauliza ni cha nani. Tulikuwa wafanyakazi wanane. Yaya alitazama kile kiwavi, akatazama mfuko wa aproni yangu, halafu akasema kwa Kiingereza chake kifupi, “Ni changu, Madame. Nilikuwa na njaa.”

Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Vingine vitano vilikuwa mfukoni mwangu. Niliinamisha kichwa kwenye sinki nikaendelea kuosha.

Rabi anayesimamia jiko lile alipigiwa simu. Akaamuru kila kilichopita juu ya meza ile kitupwe, na visu na vibao viondolewe, na kazi ianze upya. Tulifanya kazi kesho yake hadi karibu na kuzama kwa jua, wakati sabato yao inaingia, na hakuna aliyemsemesha Yaya. Kituoni, tukisubiri teksi ya kurudi mjini, aliniuliza bila kunigeukia.

“Bilibakia ngapi?”

“Bitano, yaya.”

“Ubitupe. Na usiseme kintu. Miye niko na myaka tisa kule, batanisamehe. Weye hauna hata myezi tatu, batakufukuza leo leo.”

Hawakumsamehe. Hawakumfukuza pia. Rabi alisema anaweza kubaki jikoni lakini asikaribie mboga, kwa hiyo Jumatatu akapelekwa nyuma, kwenye masufuria, yale ya nyama ambayo mtu huingiza mikono mpaka mabegani. Na kwenye meza ya taa, Madame Rochelle alihitaji mtu. Akaniita mimi. Akasema mimi ni ndugu yake, huenda nina macho yake. Nikasema asante. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama nilisita kabla ya kusema neno hilo, na sikumbuki kusita.

Sikuwa na macho yake. Aliyenifundisha ni yeye mwenyewe, pale Berea, akiwa ametoka kusugua masufuria siku nzima. Aliwasha tochi ya simu ya Placide chini ya bakuli la kioo, akaweka kitambaa juu, akanikalisha. “Ngoja. Usifanye haraka. Uchafu hautembeake, kidudu kinatembeaka. Hesabu mpaka kumi.” Viganja vyake vilikuwa vimechubuka kwa dawa ya kuoshea na alivikunja nisivione. Nikahesabu mpaka kumi. Nikafaulu, nikasifiwa, na mwaka 2018 nikaongezwa cheo.

Mtauliza nani alileta habari ile kanisani. Ni mimi. Kwenye kikao cha akina mama Mama Victorine aliuliza kwa nini Yaya amehamishwa kazi, na mimi niliogopa maswali, nikaigeuza kichekesho: dada yangu, Mkatanga kwelikweli, alishindwa kuviacha viwavi nyumbani. Mlicheka mpaka mkafuta machozi. Yaya aliingia tukiwa bado tunacheka, mmoja wenu akampokea, “Karibu, Mama Viwavi,” naye akatabasamu akatafuta kiti. Mwanamke ambaye hakuwahi kumeza kiwavi maishani mwake. Ninyi hamna kosa, mlimwamini ndugu yake. Jina lile ni langu. Kuanzia leo atakayetaka kulitumia aniite mimi, nami nitaitika.

Shinikizo la damu lilimwanza Februari 2018. Alikunywa dawa, akaendelea na kazi, na miguu ikawa inamvimba jioni. Jumanne tarehe 28 Mei mwaka huu alianguka nyumbani akapelekwa hospitali ya serikali, na madaktari wakasema ni moyo. Daktari hakutaja masufuria. Mimi nayataja. Siku ya nne nilikaa kando ya kitanda chake nikamwambia kwamba nitakwenda kusema ukweli kwa Madame Rochelle. Nilidhani atanizuia kama alivyonizuia siku zote. Hakunizuia. Alisema, “Nilikungojeaka, Thérèse. Mwaka wa kwanza nilikungojeaka kila asubuyi. Kisha nikachoka.”

Hayo si maneno ya mwisho ya marehemu. Baada ya hapo aliomba maji, akauliza kama Carmel amekula, akamsimulia muuguzi habari za Likasi. Ila kwangu mimi hakusema lingine. Hata hapo sikuinuka kwenda. Nilisema nitakwenda Jumatatu, Jumatatu nikasema kesho. Alifariki Jumanne tarehe 4 Juni 2019, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu. Saa hiyo mimi nilikuwa Glenhazel, kwenye kiti chake, nakagua brokoli.

Juma hili nilimwambia Shemeji Damien. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, “Nilijua tangu siku ile ile. Bibi yangu na viwavi, wapi na wapi? Alinikataza kusema.” Akaendelea kukunja nguo zake za kazi. Juzi Jumatano nilimwambia Madame Rochelle, ambaye yuko nasi hapa, amesimama kule nyuma na koti la kijivu. Hakunifokea. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akasema, “Miaka tisa nilikagua kila alichoniambia. Siku ile moja sikukagua.” Nilivua aproni nikaiacha juu ya meza. Kazi ile sinayo tena, na hilo halirudishi kitu.

Marehemu ameacha mume, Damien; watoto wawili, Placide na Carmel; mkwe mmoja, Gaëlle; mjukuu mmoja, Hénock, anayezungumza Kizulu na Kiingereza na kuelewa Kiswahili cha bibi yake chote; kaka wawili Likasi; na mdogo mmoja ambaye marehemu alimbeba mgongoni akiwa mchanga na akambeba tena akiwa mtu mzima mwenye akili zake. Bwana alimtoa, Bwana amemtwaa. Apumzike kwa amani, ile ambayo ningeweza kumpa kwa sentensi moja wakati yuko hai.