Barua ya Kabla ya Jumapili Nyeupe

SIALEI: Haloo? Penina? Ni mimi, dada yako.

PENINA: Dada, hujambo? Mbona asubuhi hii, leo si Jumapili Nyeupe, siku ya watoto? Hamjaenda kanisani?

SIALEI: Bado. Eseta anavaa nguo yake nyeupe. Jana alikuja mgeni.

PENINA: Mgeni gani? Simu inakwaruza —

SIALEI: Mwanafunzi wa udaktari. Katoka kwenye feri moja kwa moja, anauliza nyumba ya mtoto namba arobaini na tatu kwenye orodha yake. Nikamwambia sisi watoto wetu tunawaita kwa majina.

PENINA: (Anacheka kidogo.) Umemkomesha.

SIALEI: Alipomwona Eseta akipanda ngazi huku kashika kifua, akaacha kuuliza namba. Kisha akanieleza habari ya homa ile inayoanza kooni ikaishia moyoni. Anasema zamani iliua watoto wa Ulaya. Nyumba zao zikaacha kubanana, dawa ikapatikana, sasa kwao ni hadithi za mababu. Imebaki kwetu.

PENINA: Ni kweli. Hapa Auckland napiga deki wodi ya watoto wa moyo. Majina kwenye vitanda ni ya kwetu tu. Wasamoa, Watonga, Wamaori.

SIALEI: Kumbe unajua. Na walipokuja shuleni na mashine ya kupima moyo, miaka minne nyuma, wewe ndiye uliyewaandikia majina.

PENINA: Dada —

SIALEI: Ngoja nimalize. Watoto sita waliandikiwa barua, wachomwe sindano kila wiki nne. Watano walianza. Kwenye orodha ya kijana, barua ya sita ni ya Eseta, na ina sahihi yako kwamba umeifikisha.

(Simu inakwaruza.)

PENINA: Ilikuwa Ijumaa. Eseta alikuwa amepewa aya ya kusoma kanisani, ndefu kuliko za watoto wote. Nikaona, nitaletaje barua kama ile nyumbani na Jumapili Nyeupe iko mlangoni? Nikasema nitakupa Jumatatu.

SIALEI: Jumatatu haikufika?

PENINA: Ndiyo siku hati zangu za kusafiri zilitoka. Ulilia kwa furaha, dada. Nikaitia barua kwenye sanduku, nikajiambia nitakupigia —

SIALEI: Umenipigia kila mwezi. Umeniuliza hadi habari za nguruwe.

PENINA: Kila mwezi ilizidi kuwa ngumu. Sindano ameanza?

SIALEI: Keshokutwa. Mlango mmoja wa moyo haufungi tena. Kijana akasema, "Mngeanza wakati ule —" akaishia hapo. Ana adabu.

PENINA: Nisamehe.

SIALEI: Usiniombe leo. Leo sina.

PENINA: Basi mbona umepiga?

SIALEI: Nilimwahidi mtoto. Kila Jumapili Nyeupe utaisikia aya yake kabla ya kanisa. Ingekuwa ni mimi tu, nisingeigusa simu hii. Habari ya barua hajui. Usilie akakusikia.

PENINA: Silii.

SIALEI: Salio limebaki kidogo. Eseta, njoo. Kaa kwanza, upumue.

ESETA: Haloo, mama mdogo? Unanisikia?

PENINA: Nakusikia, mwanangu.

ESETA: Mwaka huu mchungaji amenipa fupi, kwa ajili ya pumzi. Nimeongeza mistari yangu mwenyewe. Usikate.

PENINA: Sikati.

ESETA: Naanza. "Bwana, asante kwa mama — (anapumua) — na kwa mama mdogo, ambaye hata akiwa mbali —"

(Salio limekwisha.)