Siku Ishirini na Nane za Mama Beldina

Mchungaji, wazee wetu, majirani na nyote mliofika hapa Seme leo Jumamosi, tarehe 14 Novemba 1998, familia inasoma maisha ya Mama Beldina Adongo jinsi yalivyokuwa, pamoja na ukurasa ambao jana mtu mmoja aliyeketi hapo mbele alituomba tuuruke.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1951 huko Luanda Kotieno, Uyoma, binti wa pili wa Mzee Obiero, mvuvi, akasoma hapo hapo hadi darasa la saba, karo ikakosekana. Mwaka 1972 aliolewa na Bwana Dishon Omolo, wakahamia Nyalenda, na Mungu akawajalia watoto wanne.

Tarehe 2 Februari 1981 aliajiriwa kufagia katika maabara ya samaki mjini Kisumu, na kwa kuwa jicho lake lilikuwa la binti wa mvuvi, mwaka haukwisha kabla hajakabidhiwa matenki ya samaki wadogo wenye milia, wale wa utafiti. Samaki akikonda huku anakula, akipinda mgongo, ni yeye aliyemwona kwanza, akamtoa, akaandika daftarini. Sheria yake ilikuwa moja, kwamba samaki mgeni, hata akitoka Ulaya, hukaa chumba cha pembeni siku ishirini na nane hadi ijulikane hana maradhi, na nyavu za chumba hicho alizifunga uzi mwekundu ili zisiguse maji mengine.

Jumatano tarehe 5 Juni 1991 waliletwa samaki wapya mia mbili, na kwa kuwa wafadhili walikuwa wanakuja Ijumaa, mkubwa wa maabara, Daktari Zadock Walubengo, hakutaka waone matenki matupu, akamwambia, "Mama, samaki ni samaki, wewe jaza tu hizo tenki," naye alipokataa, Daktari akashika wavu wa uzi mwekundu akawamimina mwenyewe. Wafadhili walipiga picha, wakaenda. Kufikia Agosti kifua kikuu cha samaki kilikuwa kimeingia kila tenki, ikabidi wote wauawe, na tarehe 30 marehemu akapewa barua ya kufukuzwa, iliyosema ameua samaki kwa uzembe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa Daktari alificha, akaumbuliwa mwingine.

Kidonda alichopata kidoleni kwa maji ya matenki hayo kilipona baada ya mwaka, barua haikupona. Aliuza omena, dagaa wa ziwani, huko Nyalenda, na kila alipokosana na mteja aliitwa muua samaki, jambo lililomuuma kuliko njaa.

Tangu 1996 alisumbuliwa na shinikizo la damu, na Jumapili tarehe 8 Novemba alfajiri akatuacha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Nyalenda, na zaidi Bi Rehma, mfanyakazi mwenzake, aliyelificha lile daftari miaka saba, na leo liko hapa mezani, limefunguliwa kwenye ukurasa wa tarehe 5 Juni 1991.

Daktari Walubengo, maua yako tumeyapokea, ila koleo usiguse na udongo usitupe. Utakaa pembeni siku ishirini na nane. Zinaisha tarehe 12 Desemba, sikukuu ya Jamhuri, ofisi zimefungwa, huna kisingizio, uje na barua ya kumsafisha jina uisome hapa kwa sauti.

Nyar Uyoma, binti wa Uyoma, pumzika sasa kwa amani, kuhesabu siku tuachie sisi.