Mguu Usiojua Kukaa Chini

Mimi Kesar nachemsha chai hapa Jaipur, uchochoro wa nyuma ya karakana ya miguu ya bandia, na benchi langu limechakazwa na ubishi kuliko mvua. Wenye benchi ni wawili: Bawaba, anayetengeneza bawaba za milango, na Daktari, ambaye si daktari ila alifunga watu plasta hospitalini miaka thelathini. Asubuhi hiyo akaja Bhanwarlal, fundi cherehani, anayemwoza binti yake Sugna kesho. Mpwa wake kamletea mguu mpya wa bandia kutoka Kanada, unang'aa, goti la chuma. Akatandika gunia ajaribu kukaa kitako, miguu ameikunja. Goti likafika nusu, likagoma, wayo ukachomoza mbele.

— Jaribu tena, nikamwambia.

— Nimejaribu tangu alfajiri, dada.

— Na kesho si unakaa chini mbele ya moto wa harusi, umkabidhi Sugna kwa mumewe? Daktari akauliza.

— Ndiyo maana nimekuja. Wakwe hawajui kwamba sina mguu mmoja. Kwa ule wa zamani nilichuchumaa, nilikaa, hakuna aliyeshtukia.

— Uko wapi huo wa zamani?

— Niliurudisha karakana juzi. Wameshaukatakata. Na leo wamefunga, sikukuu.

Nilitaka kumzaba kibao. Mguu umekutumikia miaka tisa, unautoa kabla hujajaribu kukaa na huo mpya? Hasira zilinipanda, nikamwaga maziwa.

Bawaba akainama, akalipapasa goti.

— Kuna kizuizi hapa. Nipeni nyundo nikitoe.

— Ukitoe aanguke kila hatua? Daktari akamkatiza. Goti la mtu, bwana, hukunjika mpaka kisigino kiguse makalio, na nyonga igeuke nje. Hili halijafundishwa hayo.

— Kwani waliolitengeneza hawakai chini?

— Wanazaliwa kwenye viti. Magoti yao yenyewe yanaishia hapo hapo.

— Acha uongo wako.

— Mtalii mmoja alikaa chini kula harusini kwa shemeji yangu. Watu watatu walimwinua.

Bawaba akafikiri, kisha akasema bila hata kutabasamu:

— Basi tuchimbe shimo.

— Shimo la nini?

— Chini ya mkeka, karibu na moto. Mguu unaning'inia shimoni, nguo inafunika.

— Na kuhani akitumbukia?

— Tunasema ni mila ya ukoo wa Bhanwarlal.

Nikamtazama Bhanwarlal nikidhani atacheka. Yeye akauliza kina chake.

— Kaka yako si akae badala yako? nikamwambia.

— Mama yake alikufa Sugna ana miaka minne. Nimemsuka nywele mimi. Mkono wake nitautoa mimi. Lakini wakijua nimewaficha, wataondoka na kijana wao.

Bawaba akatoa uzi, akaanza kupima kutoka gotini hadi kisiginoni. Hapo ndipo Sugna alipotokea, bibi harusi mzima, siku ambayo hatakiwi kuvuka kizingiti, manjano usoni, mikono juu kwa sababu hina bado mbichi. Sijawahi kuona jambo kama hilo.

— Mtoto wewe, umetokaje nje leo? nikamuuliza.

— Binamu kaniambia mguu umegoma. Kaka Bawaba, unapima nini?

— Shimo, Bawaba akasema, sauti imeshuka. La kuficha mguu. Wakwe wasijue.

Sugna akamgeukia baba yake.

— Mama mkwe nilimwambia habari ya mguu wako siku ya kwanza aliyokuja kuniona. Ulikuwa umetoka kumletea peremende. Akasema sawa, akaomba chai.

Bhanwarlal akautazama ule mguu wa chuma.

— Sasa Baba, mwaka mzima huu ulikuwa unamficha nani?

Bawaba akaukunja uzi wake, akautia mfukoni. Sugna alitaka kumshika baba yake, akakumbuka hina, akabaki na mikono hewani. Bhanwarlal akalegeza mikanda mmoja mmoja, akauvua mguu mbele yetu sote, akauegemeza kwenye benchi, akaukunja ule uliobaki, akakaa chini.