Nakala ya Jana na Pedi za 417

Benchi la mbele ya kibanda cha fundi redio lina urefu wa hatua tatu na hukaliwa na watu wanne, watano wakibanana. Mtu akiketi hapo huliona vizuri duka la vipuri lililo ng'ambo ya barabara, pamoja na foleni ya wateja dirishani. Asubuhi hiyo, saa nne na nusu, karani wa stoo wa duka hilo alikuwa ameketi benchini, ameshika kikombe cha kahawa bila kukinywa. Wenzake wa benchi walimbandika jina la Desimali kwa kuwa hakuwahi kukadiria kitu maishani mwake. Kiwanda kilikuwa kimepiga simu: pedi za breki za shehena namba 417 zina ufa, zisifungwe kwenye gari lolote. Tangu Jumatatu zilikuwa zimeuzwa seti ishirini na sita, na walionunua wangejulikana tu kwa kuyauliza mafaili ya mauzo kwenye kompyuta.

— Si uyaulize! alisema Antena, mwenye kibanda.

— Mwezi uliopita nilijitungia ripoti mchana, mafaili yakiwa kazini, alisema Desimali. Kompyuta za dirishani ziliganda dakika kumi na saba. Bosi kapiga marufuku mpaka fundi wa programu aje Ijumaa.

— Leo Jumatano, alisema Injini, fundi magari. — Mpaka Ijumaa mtu kashaingia mtaroni. Nashukuru mimi breki sinunui kwenu. Bei zenu zina homa.

— Desi, zile mashine zinapata joto tu, alisema Antena. — Weka feni mbili.

— Feni, wewe! alisema Injini. — Aingie kwa neno la siri la bosi. Kompyuta ikijua anayeuliza ni mkubwa, inajibu bila maringo.

— Basi azime umeme, auwashe ghafla, aulize kabla haijazinduka!

— Au achapishe mauzo yote, tuje tusome hapa.

— Mistari elfu sitini na moja, alisema Desimali. — Arobaini kwa ukurasa. Kurasa elfu moja mia tano ishirini na tano.

— Ongeza kahawa, basi!

Walicheka. Yeye alikuwa akitazama magurudumu ya kila gari lililokata kona.

Mwishoni mwa benchi aliketi mshonaji mmoja, mgeni, akisubiri pasi yake itengenezwe.

— Samahani, kaka zangu. Mimi mshono mpya siujaribu kwenye kitambaa cha mteja. Nakata karatasi kwanza. Hayo mafaili hayana nakala?

— Yanayo, dada. Kila jioni naihifadhi kwenye diski, naifungia kwenye droo. Miaka miwili sijakosa siku ya kazi. Ya jana ina mauzo yote ya 417. Leo haijauzwa hata moja.

— Umewahi kuifungua?

Nakala mia sita na kumi na tatu, Desimali alihesabu, na hakuna hata moja iliyowahi kufunguliwa. Huenda humo hamkuwa na kitu. Aliweka kikombe chini, akavuka barabara.

— Ataifungulia kwenye ile kompyuta ya stoo isiyoungwa na zile za dirishani, alisema Antena. — Tazameni foleni. Ikisimama tu, ujue zimeganda tena, kwisha habari yake.

Foleni ilisonga. Akatoka mteja, akatoka mwingine. Dakika ya kumi na nne Desimali alitokeza na karatasi mkononi.

— Imefunguka! Magereji kumi na moja, seti zote ishirini na sita. Wenzangu wanapiga simu. Habari ya gereji hii moja nimeileta mwenyewe. Injini: seti mbili, Jumatatu, saa tano na dakika ishirini.

— Ahaa! Na ile homa ya bei je? alipiga kelele Antena.

Injini alikwisha simama, anakimbia.

— Gari bado liko kwenye jeki! Mwenyewe anakuja saa sita!

— Sasa saa ngapi? aliuliza mshonaji.

Desimali aliitazama foleni, ambayo haikuwa imesimama hata kidogo, kisha akakinyanyua kikombe chake kilichopoa.

— Kama saa tano hivi, dada.