Hii Kali, Hii Si Kali

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, mtoto wa tatu kati ya saba, na kwa maneno ya mama yake alitoka macho wazi, akimkagua mkunga. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1976 hadi 1982, kisha sekondari miaka minne. Hesabu zilimpiga chenga, ila kwa kuchora hakuwa na mpinzani. Mdogo wake wa kike, anayewasomea wasifu huu, alichorewa naye moyo wa ng'ombe wa somo la sayansi, akapewa alama asizostahili, na leo anatubu.

Mwaka 1991 aliajiriwa na studio ya picha, akawekwa chumba cha nyuma. Kazi yake ilikuwa kuchagua: picha elfu za harusi zinaingia, mia mbili zinatoka. Chumba hakikuwa na dirisha, maana jua hudanganya macho. Humo alishinda akijisemea, "Hii kali. Hii si kali," yaani hii imetulia, ile imetikisika. Wenzake wakambandika jina la Mkali. Alipokwenda kuposa, baba mkwe alikuwa ameshalisikia jina hilo, akakaa kiti cha mbali saa nzima akiusubiri huo ukali. Hakuuona. Ndoa ilifungwa tarehe 7 Desemba 1996, wakajaliwa mabinti wawili.

Ukweli usemwe, hakukipenda kile chumba. Alitaka kutoka na kamera, apige picha yeye mwenyewe. Kila alipoomba, mwenye studio alimjibu kwamba hakuna mwenye jicho kama lake. Sifa ndizo zilizomfungia mlango.

Mwaka 2012 ikaletwa programu ya kompyuta inayopima ukali wa kila picha na kuipa alama, sifuri hadi mia. Marehemu alishangilia kuliko wote. Akaandika barua ya kuomba kazi ya nje, ikakubaliwa. Ijumaa yake ya mwisho chumbani, haraka ikamshika: kila picha iliyopata chini ya alama arobaini aliifuta bila kuitazama.

Wiki tatu baadaye wakaja ndugu watatu waliofiwa na mama. Walitaka picha moja tu, ile inayomwonyesha akicheza kwenye harusi ya kitinda mimba wake, kwa sababu katika nyingine zote alikuwa ameketi na uso wa foleni ya benki. Mama wa watu alicheza akatikisika, na mashine haipendi mtikisiko. Picha haikuwepo tena.

Jumatatu iliyofuata marehemu alirudi chumbani, hakutumwa na mtu. Kwa miaka kumi na mbili alizitazama, moja baada ya nyingine, picha zote zilizokataliwa na mashine. Mkewe alimsihi. Mdogo wake alimfokea, akamwambia amejifungia mwenyewe na ufunguo uko mfukoni mwake.

"Najua," akajibu. "Lakini nikitoka, hawa watatazamwa na nani?"

Kamera aliyokuwa ameshainunua ilibaki kwenye boksi lake, juu ya kabati. Iliwauma wote nyumbani, na bado inauma.

Februari 2024 moyo ulianza kumsumbua. Alilazwa tarehe 3 Mei, akafariki tarehe 19 Mei saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono. Siku chache kabla, alimwomba binti yake mkubwa amwonyeshe picha zake, achague mwenyewe ya kuwekwa hapa. Hii mnayoiona mbele, anacheka na mkono wake umekuwa kama moshi, mashine iliipa alama kumi na moja.

"Baba, hii si kali," binti akamwambia.

"Na mimi sikuwa mkali. Weka hiyo."

Ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja, ndugu sita, na kamera ambayo binti mdogo ameitoa kwenye boksi asubuhi ya leo. Mkiona imewaelekea, msitulie sana.

Apumzike kwa amani, mahali penye madirisha.