Moshi wa Nyumba ya Kahaso

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Leo nina mazito, nivumilieni. Bi Kahaso wa Mwakirunge hatunaye tena. Tumemzika juzi, huko huko Mwakirunge, Kisauni.

Tunapenda sana kusema "kwa uaminifu." Bwana harusi husema, diwani husema, hata muuza maziwa mwenye kutia maji naye husema. Kahaso hakusema. Alitenda, na sijui kama kuna aliyelipia maneno hayo mawili kama yeye.

Turudi mwaka wa arobaini na tatu, mwaka wa njaa. Kahaso alikuwa mjane mwenye watoto wawili, Dhahabu na mdogo wake Masha. Jirani yao Mwarandu, rafiki wa marehemu mumewe, alichukuliwa kwenda vitani kubeba mizigo. Asubuhi ya kuondoka alimletea Kahaso mahindi yake. "Shemeji," akamwambia, "niwekee. Nikirudi nitaanzia hapa." Kahaso akaitikia. Yalikuwa mahindi ya mbegu, wasikilizaji. Ya mbegu, si ya kula.

Nyinyi mliokulia mashambani mnajua. Mbegu hutundikwa juu ya mafiga, moshi uzipate, fukusi wasizitoboe. Moshi ukikatika, mbegu zimekwisha. Basi mvua ikagoma. Muhogo ukaisha, mboga ya mchunga ikaisha, hata ming'oko, mizizi ile ya porini, ikawa haionekani. Nyumba nyingine zikazima moto, kwani wapike nini? Kahaso hakuzima. Kila asubuhi aliwasha kuni chini ya mahindi ya Mwarandu, na chungu kimefudikizwa pembeni.

Masha alikuwa akikaa karibu na ule moto, akingoja. Mtoto akiona moto anajua chakula kinakuja. Hebu jiweke hapo, wewe mama unayenisikiliza.

Majirani nao waliuona moshi. Wakasema Kahaso anapika kwa siri. Kafedha, wa nyumba ya pili, alikuwa akiletewa muhogo mkavu na nduguze wa Likoni, na kila akipata aliwamegea wenzake. Mlango wa Kahaso aliupita. Kahaso alipokwenda kumwomba, alijibiwa kwamba mwenye moshi haombi.

Angesema nini? Akizitaja mbegu, njaa ya mtaa mzima ingehamia kwake, na Mwarandu angerudi akute kamba tupu. Akanyamaza. Dhahabu anakumbuka siku moja mama yake alinyoosha mkono juu, akayashika yale mahindi, kisha akayaachia. "Alikuwa akilia," anasema Dhahabu. "Alituambia ni moshi."

Masha akafa.

Wanawake walipoingia kumwosha mtoto, waliinua macho. Mahindi yote yalikuwa pale, meusi kwa masizi, halikupungua hata moja. Chungu kikavu. Kafedha akakaa chini, akashindwa hata kulia. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini siku ile naye aliionja.

Msimu uliofuata Mwarandu alirudishwa nyumbani, mguu mbovu. Alizikuta mbegu zake zote, na zikaota. Wengine walikuwa wamekwisha kula za kwao, kwa hiyo mtaa mzima ulipanda tena kwa mbegu zile zile. Watu wakamsifu Kahaso, mwanamke mwaminifu, mwanamke wa kuaminika. Wakianza, yeye huinuka akaenda zake. Na hindi hakulitia mdomoni mpaka kufa kwake.

Mwezi uliopita, mama akiwa hajiwezi tena kitandani, Dhahabu alimuuliza kama alifanya sawa.

"Nilikuwa na amana mbili, mwanangu," akasema. "Moja niliirudisha."

Kwako Dhahabu, na kwa jamaa wote wa Mwakirunge, poleni sana. Mola awape subira, naye amlaze mama pamoja na Masha wake. Nasi tuliobaki, tukiuona moshi kwa jirani tusipite tukisema ameshiba. Tubishe hodi, tuingie, tukitazame chungu.