Nilimzuia Elia Asipande

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, maana sauti yangu leo ni ndogo.

Mnanifahamu, mimi ni Mama Elia, ninauza tangawizi na ndizi sokoni hapa Same. Mwanangu wa pekee aliugua figo, na wengi wenu mlipanda nasi hadi kijijini kwetu Bombo kwenye maziko. Mlilia. Mimi sikulia, mkanisifu kwamba nina imani. Ndugu zangu, haikuwa imani!

Elia alikuwa na gemu la besiboli, ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo, kwenye laptopu yake. Mchezo wenyewe aliujulia shuleni. Humo hurushi mpira wala hupigi. Wewe ni meneja. Una timu kubwa, na chini yake timu ndogo za vijana wanaolelewa. Unaamua nani apande, nani angoje. Mikono ilipomwishia nguvu kitandani, alinielekeza mimi nibonyeze. Na kijana mmoja alikuwa amempa jina lake mwenyewe: Elia, mrushaji, timu ya chini kabisa.

Siku ya kuanua tanga, wifi zangu waligawana mashati na viatu vyake. Laptopu niliifungia kabatini, nikasema hiyo haigawanywi. Tangu hapo, kila nikitoka sokoni nilikaa nayo. Elia wa kwenye kioo alikuwa hodari! Gemu lenyewe liliniambia kijana huyu yuko tayari, mpandishe. Nilikataa. Wanaopanda huumia, huuzwa, huondoka. Niliwapandisha wenzake wote, yeye nikambakiza chini msimu baada ya msimu, nikidhani ninamlinda. Kanisani niliacha kuja. Baba Elia alikula ugali uliopoa, peke yake. Kaburini sikukanyaga. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini mzazi mwenzangu sikumuuliza habari za uchungu wake.

Kumbe hata humo ndani watu wanazeeka. Jioni moja nilifungua nikakuta ujumbe mfupi: Elia ameacha mchezo. Umri umempita, hajawahi kupanda. Nilimtafuta kwenye timu zote. Hayupo! Nilipiga yowe hadi majirani wakaja mbio. Ndugu zangu, sitawaficha, nilitamani kufa.

Baba Elia aliwashukuru majirani, akawasindikiza nje, akarudi akaketi sakafuni pembeni yangu. Tangu msibani sikuwa nimemsikia akilitaja jina lile. Akasema, "Mama Elia, Elia tulimzika Bombo. Na mimi kule huwa naenda peke yangu."

Hapo machozi yalikuja. Tulilia wote wawili kama watoto. Asubuhi tulipanda basi la Bombo. Nilitegemea kukuta kichaka, lakini majani ya kaburini yalikuwa yamefyekwa vizuri. Alikuwa akiyafyeka yeye, na mimi nilidhani huwa anakwenda shambani.

Sisemi nimepona. Zipo siku naamka moyo mtupu, hata sala haitoki. Lakini Mungu ninamshukuru, maana Yeye ndiye aliyemketisha mume wangu pale sakafuni. Na wewe mwenye msiba usioweza kuutamka, mtegemee Yeye, hata kama imani yako ni chembe tu. Kuna sentensi moja ambayo kinywa changu kimeikataa hadi leo. Baba Elia, njoo usimame nami.

Ndugu zangu, mwanangu Elia amefariki.